Niende Shoo ya Mombasa Kutafuta Wazo la Shamba?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Ganda hapa Malindi. Nimefanya kazi ya hoteli Watamu miaka mingi, upande wa jikoni, na sasa nimeacha. Nina ekari mbili nilizoachiwa na marehemu baba, kisima kimoja, minazi michache, miembe mizee minne, na akiba kidogo. Nataka shamba la kuniingizia hela, si la kujaza sufuria tu. Shoga yangu alikwenda shoo ya Mombasa mwaka uliopita akarudi na wazo la kuku wa mayai, na mimi amenishauri nikazunguke vibandani nichague changu. Mwenyewe moyo umenikaa kwenye papai. Je, shoo inamfaa mtu kama mimi au ni kupoteza nauli? Na nikienda, nitazame nini?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nenda, tena usikose. Ila usiende kuchagua. Wazo la shamba lenye faida hupatikana sokoni, hapo hapo Malindi, na shoo ni mahali pa kulipeleka wazo hilo likapimwe mbele ya watu wanaolijua. Ukianzia shoo utarudi na wazo la mtu mwingine, lililofanikiwa kwenye udongo wa mtu mwingine, kwa maji ya mtu mwingine, na kwa mnunuzi ambaye hayuko Malindi.

Chama cha Kilimo cha Kenya, hii ASK tunayoijua, kina umri mrefu, kilianza 1901, na maonyesho yake ni mashindano. Vibanda hukaguliwa na majaji, na washindi hupewa vikombe. Kwa hiyo zao unaloliona pale limepangiwa tarehe ya kupandwa ili lifike kilele chake wiki ile ile ya shoo. Limemwagiliwa kila siku, limetiwa samadi bila kubania, na kuna mtu wa mshahara anayelipalilia. Hakuna ulaghai hapo, maana kazi ya maonyesho ni kuonyesha kinachowezekana. Lakini wewe unaiona wiki moja nzuri kuliko zote katika maisha ya mmea, na wiki zote zilizobaki utakuwa nao peke yako Ganda.

Chukua nyanya za ndani ya grinihausi, kivutio ambacho huwa hakikosi. Mashada yananing'inia kuanzia kifundo cha mguu mpaka juu ya kichwa, na msichana wa kibandani anakuhesabia kilo kwa kila mche. Kinachosahaulika ni joto la usiku. Ua la nyanya hushika tunda vizuri usiku ukiwa wa baridi kidogo. Ukifika nyuzi 21 au zaidi, maua huanza kudondoka bila kufunga. Malindi mwezi wa Machi, upepo wa kaskazi unapokwisha na kusi bado haijaanza, usiku hukaa karibu na nyuzi 25. Sasa funika shamba kwa plastiki juu ya joto hilo. Utapata miche mirefu, mizuri ya majani, na maua chini. Ongeza mnyauko wa bakteria, ambao ukishaingia kwenye udongo wa grinihausi hautoki kwa dawa, na minyoo fundo, ile midogo inayotia mizizi vinundu na kupenda udongo wa kichanga kama wetu, utaelewa kwa nini fremu nyingi za grinihausi hapa Pwani zimebaki vyuma vitupu. Anayetaka nyanya kwetu ni bora atumie kitalu cha neti kinachopitisha upepo, achague aina inayovumilia joto, na apange maua yatoke kati ya Juni na Agosti, usiku unapopoa. Ni kilimo kinachowezekana. Tatizo ni kwamba kile cha kibandani kimeundwa kwa nchi ya baridi, na kibandani hakuna anayekuuliza unatoka wapi.

Kwa hiyo, kabla ya shoo, anza na soko.

Shoo ya Mombasa kwa kawaida huangukia mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Wiki kadhaa kabla ya hapo, amka alfajiri uende soko la Malindi wakati mzigo unashushwa, si saa nne wakati mama mboga wameshapanga mafungu. Simama pembeni uangalie kila kitu kimekuja na nini. Kitunguu, kabichi, viazi na nyanya nyingi huja na malori kutoka bara na mpakani mwa Tanzania. Bamia, mchicha, kunde za majani, mchunga, muhogo na ndimu huja kwa bodaboda, kwa tuktuk, au kichwani kutoka Kakuyuni, Jilore na ng'ambo ya Sabaki. Huo mgawanyo una maana kubwa kwako. Kinachokuja na lori kina mshindani mwenye ardhi ya baridi na mavuno makubwa, na siku lori likishusha mizigo miwili, bei yako inaanguka nawe umesimama. Kinachokuja na bodaboda hakivumilii safari ndefu, kwa hiyo ukaribu wako ni faida ambayo mkulima wa mbali hawezi kuinunua.

Tazama bamia. Mama anayenunua hatazami rangi kwanza. Anashika ncha ya bamia kwa kidole gumba, anaivunja. Ikivunjika kwa mlio, anaweka kwenye kikapu. Ikipinda, anairudisha na kusema imekomaa. Bamia lililochumwa jana jioni Ganda linavunjika. Lililolala siku mbili kwenye gunia halivunjiki. Zao hili huanza kuchumwa karibu siku 50 hadi 60 baada ya kupanda mbegu, na baada ya hapo unachuma kila siku ya pili kwa wiki nyingi, yaani hela ndogo ndogo zinazoingia mara kwa mara, na ndizo anazozihitaji mtu aliyeacha mshahara. Sikwambii panda bamia. Nakwambia hivyo ndivyo wazo linavyoonekana likiwa bado sokoni, kabla halijapigwa rangi na kuwekewa bango.

Wewe una kitu kingine ambacho wakulima wengi wa Malindi hawana: unajua jiko la hoteli kwa ndani. Unajua mpishi anakataa nini na kwa sababu gani. Unajua mwenye stoo anataka mzigo ufike saa ngapi, na ni vitu gani hununuliwa Mombasa kwa sababu tu hapa hakuna anayevileta kwa uhakika. Kaa chini uandike: basili, rukola, minti, ndimu, pilipili kali, papai za kiamshakinywa, embe za juisi. Andika kila kimoja kilikuwa kinatumika kiasi gani kwa wiki msimu wa wageni, Julai na Agosti, kisha Desemba mpaka Machi, na kiasi gani Mei hoteli zinapofunga mabawa. Kisha mtembelee mwenzako aliyebaki kazini, umuulize hoteli inalipa baada ya siku ngapi. Hilo la malipo ulijue kabla ya kupanda hata mche mmoja, maana zao la hoteli lenye bei nzuri linaweza kukuua kwa njaa ukisubiri hundi.

Na usisahau Ramadhani. Kila mwaka hurudi nyuma siku kama 10 au 11, na muhogo, viazi vitamu, ndizi mbichi na tikiti hupanda bei Pwani yote. Tikiti huchukua siku 75 hadi 85 tangu mbegu. Mtu mwenye kisima anaweza kuhesabu kurudi nyuma kutoka mwandamo wa mwezi na kujua siku ya kupanda. Ajabu ni kwamba wengi wanaofuturu kila mwaka hawajawahi kuifanya hesabu hiyo.

Jambo la pili kabla ya safari ni kisima chako. Hili nalisisitiza kuliko yote, kwa kuwa nimeona watu wazuri wakipoteza akiba yao kwa maji. Visima vyetu vingi vina chumvi, na ulimi hautoshi kuipima. Maji unayoyaona matamu ya kunywa yanaweza kuwa mabaya kwa kitunguu. Kuna kipimo kidogo cha mkononi cha EC, yaani cha wingi wa chumvi majini, unakitumbukiza kwenye glasi ya maji kinasoma papo hapo. Mwombe afisa wa kilimo wa wadi, au watu wa umwagiliaji wa matone wanaouza vifaa mjini, wengi wanacho. Maji yakisoma chini ya 0.7 dS/m, karibu kila zao litakubali. Maharage huanza kupunguza mavuno hapo kwenye 0.7, kitunguu 0.8, nyanya karibu 1.7, na kunde huvumilia mpaka 3.3. Mnazi unastahimili zaidi ya hao wote, ndiyo maana unauona ufukweni. Pima mwishoni mwa kiangazi kama unaweza, kwa sababu kisima kinachosoma vizuri Juni baada ya mvua kinaweza kubadilika kabisa Machi. Ukishaipata namba hiyo, iandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako. Nusu ya vibanda vya shoo utavipita bila kusimama.

Daftari likiwa na orodha ya soko, orodha ya hoteli na namba ya maji, sasa panga safari.

Mombasa ni kama kilomita 120 kutoka kwenu, na bahati nzuri unayoyahitaji yote yako njiani au upande huu wa Nyali, kabla hujavuka daraja. Ondoka siku moja mapema. Shuka Mtwapa kwenye kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo. Hawa ndio waliofanya kazi ya mazao ya Pwani: mahindi ya Pwani Hybrid, muhogo, korosho, minazi, maembe. Watu huwafuata kwenye kibanda chao shoo, wanapata dakika mbili katikati ya makundi ya wanafunzi. Ukiwakuta kwao utapata nafasi ya kuuliza hadi mwisho. Lala Mombasa. Alfajiri nenda Kongowea uone bei za jumla za vile vitu ulivyoviandika Malindi. Tofauti kati ya bei ya Kongowea na bei ya Malindi ndiyo itakayokuonyesha kama ufikirie kuuza nyumbani au kusafirisha. Kutoka hapo uwanja wa Mkomani ni jirani. Epuka siku ya ufunguzi rasmi wakubwa wanapokuja, barabara hufungwa na wataalamu wote husimama mstarini kusalimia. Asubuhi ya siku ya kawaida, mapema, ndiyo saa ya kuzungumza.

Kwenye kila kibanda chenye zao lililo kwenye orodha yako, uliza swali hili kabla ya mengine: *Nyinyi mnapata pesa kwa kuuza zao hili au kwa kuuza mbegu yake?* Uliza kwa upole, lakini usiondoke bila jibu.

Wakenya tulilipia swali hilo ghali. Mwaka 2013 na 2014 ilizuka homa ya kware. Yai la kware lilisemwa linatibu kila ugonjwa, na leseni ya kufuga ilitafutwa Shirika la Wanyamapori mpaka foleni zikawa ndefu. Kwa miezi kadhaa waliofuga walipata pesa kweli. Lakini waliokuwa wakinunua mayai kwa bei ile wengi wao walikuwa wafugaji wapya wanaotaka kuangua, si watu wa kula. Wafugaji wapya walipokwisha, bei ilianguka, na watu wakabaki na vizimba. Huku kwetu tulikuwa tumeshaonjeshwa mbono kaburi, ule mmea wa mafuta ya dizeli uliopigiwa debe miaka ya mwisho ya 2000. Watu wa Malindi na Magarini waliusikia sana. Utafiti uliofanywa kwa wakulima wadogo wa Kenya na kutolewa 2009 ulionyesha kwamba haukuwa na faida kwao isipokuwa ukipandwa kama ua wa kuzungushia shamba. Katika visa vyote viwili zao lilikuwepo na mbegu ilikuwepo. Mnunuzi wa mwisho, yule anayelitumia zao lenyewe, ndiye aliyekosekana.

Sasa linganisha na vipepeo vya Gede, karibu kabisa na kwenu. Mradi wa Kipepeo ulianza 1993 pembeni ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Wanavijiji hufuga vipepeo na kuuza vifukofuko vyao, navyo husafirishwa hadi kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Ukilisikia kwa mara ya kwanza utadhani ni wazo la ajabu kuliko kware. Lakini mnunuzi wa mwisho alijulikana tangu mwanzo, anahitaji mzigo mpya kila mara kwa sababu kipepeo haishi muda mrefu, na kitu chenyewe kinatoka kwenye msitu ambao nchi nyingine hawana. Kwa hiyo usikatae wazo kwa ugeni wake. Kinachonifanya nisimame ni pale ninapouliza nani atanunua na kuambiwa "soko lipo".

Swali lako la pili kibandani liwe hili: *Nitajieni mkulima wa Pwani anayelima hiki, nipate namba yake.* Mtu wa kibandani akiwa na mkulima wa Kilifi, Msambweni au Hola, atakupa kwa furaha, kwa kuwa ndiyo sifa yake. Akianza kuzungukazunguka na kukutajia wateja wa bara tu, umeshapata jibu. Namba hizo za wakulima zina thamani kuliko vipeperushi vyote watakavyokujazia mfukoni. Wapigie baada ya shoo, na uende kumwona angalau mmoja shambani kwake, ikiwezekana Februari au Machi, jua likiwa kali na kisima kimeshuka. Zao likiwa zuri wakati huo, ni zuri kweli.

Ukiwa mbele ya mimea yenyewe, acha kutazama matunda. Inama. Geuza jani la chini uangalie upande wa nyuma, hapo ndipo utaona inzi weupe na utitiri kama wapo. Bonyeza udongo karibu na shina: ni mweusi, laini, unashikana mkononi? Basi umetiwa samadi nyingi, na swali lako ni debe ngapi kwa shimo, ilitoka wapi, na kwenu mzigo wa samadi ni shilingi ngapi. Kwa mchanga wa Ganda, samadi ndiyo gharama itakayokuja mwaka baada ya mwaka, na katika karatasi ya hesabu ya kibandani huandikwa kwa herufi ndogo au haiandikwi.

Na kuhusu karatasi hizo za hesabu, jifunze kuzipima pale pale. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Gawa kwa nafasi ya mche mmoja. Papai kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5 ni miti 640 hivi. Ukiambiwa ekari inabeba miti 1,000, maana yake wamebana hadi mita 2 kwa 2, na lazima uulize kama kilo walizokutajia ni za miti iliyobanwa hivyo au ya ile iliyopewa nafasi. Kisha toa sehemu ya miti itakayokufa, toa matunda yatakayokataliwa, na uzidishe kwa bei uliyoiona wewe Malindi, si bei iliyochapishwa.

Kuku wa shoga yako nisiwapite. Si wazo baya, lakini hesabu yake iko kwenye chakula, na shoo huonyesha mayai. Kuku mmoja wa mayai hula karibu gramu 120 kwa siku. Kuku 100 ni kilo 12 kila siku ya Mungu, gunia la kilo 70 halimalizi siku 6. Na kabla hawajataga yai la kwanza, karibu wiki ya 18 hadi 20, kila mmoja ameshakula kilo 7 au 8, yaani magunia 10 au 11 yametoka na hakuna shilingi iliyoingia. Wakishataga vizuri, kuku 100 watakupa mayai kama 80 kwa siku, treyi mbili na nusu na kitu. Chukua bei ya kilo 12 za chakula kwenye agroveti ya Malindi, iweke kando ya bei ya mayai 80 anayokulipa mwenye duka, uone kinachobaki. Chakula ni karibu theluthi mbili ya gharama yote, hivyo usifanye hesabu ya faida bila dawa, chanjo ya kideri, maji na kuku watakaokufa. Kama kinachobaki ni kidogo, usiwaingie kwa sababu tu vifaranga vya shoo vilipendeza.

Nakurudisha kwenye ekari zako, kwa kuwa baadhi ya mawazo umeshayamiliki na hujayahesabu. Miembe minne mizee uliyoitaja si kuni. Mwembe mzee unaweza kukatwa juu, ukaachwa uchipue, kisha ukapandikizwa vijiti vya aina inayouzika kama Ngowe au Apple, na kwa kuwa mizizi tayari imeshafika mbali, hurudi kuzaa ndani ya miaka miwili au mitatu, mapema kuliko mche mpya. Ngowe kwa mtu wa Pwani ni chaguo tulivu zaidi. Apple ina bei, lakini husumbuliwa sana na ukungu wakati wa maua. Shoo hapa inakufaa moja kwa moja: tafuta kibanda chenye fundi wa kupandikiza, simama umwone anavyokata kijiti, anavyofunga utepe, mwombe akuachie ujaribu mwenyewe. Kazi ya mkono haisomeki kwenye kipeperushi. Uliza pia mitego ya nzi wa matunda. Yule nzi mgeni alionekana Kenya mara ya kwanza 2003, na uharibifu wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba 2014 nchi yenyewe ilisimamisha kupeleka maembe Ulaya, mpaka 2021. Mitego yenye chambo cha kuvutia madume inafanya kazi, hasa majirani wote wakiitundika pamoja na kuzika matunda yaliyoanguka.

Na muhogo. Najua utasema muhogo ni wa kujaza sufuria. Lakini tembea jioni Malindi uhesabu wanaokaanga kachiri na wanaochoma muhogo, uwaulize wanapata wapi mizigo na siku gani hukosa. Kibandameno ndio wanaoutaka kwa utamu wake, nao ndio unaougua zaidi batobato na michirizi kahawia, ule unaoozesha mzizi kwa ndani huku majani yakionekana mazima. Mtwapa wametoa aina kama Tajirika, Shibe na Karembo. Waulize ipi inakaribia Kibandameno mdomoni, ununue vijiti safi kidogo, uonjeshe wakaangaji wako kabla hujapanda ekari. Kwa mita moja kwa moja, ekari inachukua vijiti kama 4,000. Na tofauti na nyanya, muhogo uliokomaa unaweza kukusubiri ardhini wiki kadhaa bei ikae sawa. Kwa mtu anayeanza, zao linaloweza kusubiri ni ulinzi.

Mambo mafupi ya shoo: usinunue mashine siku ya kwanza, hata ukiambiwa bei ya ofa inaisha jioni. Ukinunua mbegu, tazama stika ya KEPHIS, wakaguzi wa mbegu wa serikali, kwenye pakiti, kwangua, tuma namba iliyofichwa kwa SMS kwenda 1393 ukiwa bado umesimama hapo, usubiri jibu ndipo ulipe. Dawa yoyote isiyo na namba ya usajili kwenye lebo iache. Vaa viatu vya kutembelea, na beba maji.

Sasa papai ulilolipenda. Linafaa Malindi, na hoteli hulila asubuhi mwaka mzima, kwa hiyo sikuvunji moyo. Lakini shoo utaonyeshwa aina chotara kama Red Lady, fupi, imejaa matunda hadi chini. Mbegu yake ni ghali, na ukipanda mbegu ulizozikamua kwenye tunda lake hutapata mti ule ule, kwa hiyo weka gharama ya mbegu mpya kila unapopanda upya. Huanza kuvunwa karibu miezi 8 au 9 baada ya kupandikiza. Haivumilii maji kusimama. Siku mbili za dimbwi kwenye mizizi wakati wa mvua kubwa ya Mei zinatosha kuua mti, basi chagua sehemu ya juu ya shamba au panda kwenye tuta. Uliza kibandani kuhusu wale wadudu weupe wa unga waliovamia mapapai ya Pwani tangu karibu 2016, na kuhusu ugonjwa wa virusi wa madoa ya mviringo unaoenezwa na vidukari. Kibanda kinachouza mbegu ya papai na hakina jibu la mambo hayo mawili, usiwape hela yako.

Kati ya shoo na mvua za vuli za Oktoba utakuwa na wiki chache. Usipande ekari mbili. Robo ekari ya kitu kinachochumwa haraka kutoka kwenye orodha ya soko, miche 20 au 30 ya papai kwa majaribio, na mwembe mmoja wa kukata. Miche hiyo michache ya papai itavuka kiangazi cha Januari hadi Machi kwa maji ya kisima chako, na hapo ndipo utajua kama inafaa kuongezwa kufika mamia.

Niandikie ukishapima maji. Unitajie namba iliyosomwa, kina cha kisima, na mwezi uliopima. Papai ina mpaka wake wa chumvi, na bila namba hiyo siwezi kukwambia kama ufike miche 600 au uishie kwenye 30.